Tilapia Si Samaki Mmoja, na Hii Historia Inatuhusu

Ingia hoteli yoyote ya samaki Nairobi. Utaulizwa maswali mawili: saizi gani, na kavu ama ya mchuzi? Mteja mjanja ataongeza lake la tatu: "Hii ni ya China ama ni ya ziwa?" Akiambiwa ni ya ziwa, anatulia, anaosha mikono, anangoja ugali.

Mimi nataka tuongeze swali la nne. Ni tilapia gani, na kwao ni wapi?

Najua linakaa swali la mtu ambaye hana njaa. Lakini nisikize. Kenya ina tilapia wa mwituni ambao wamekaa kila mmoja kwake kwa maelfu ya miaka. Wa Turkana si wa Baringo. Wa Suguta si wa Ziwa Victoria. Wa Magadi hata ukimuona utadhani ni mtoto wa samaki mwingine kabisa. Sisi tumewaweka wote kwenye jina moja, kisha tukaanza kuwahamisha hapa na pale kama viti vya harusi. Maoni yangu ni kwamba huo mchezo tayari umetupotezea samaki mmoja mkubwa, na usipoangaliwa utatupotezea wengine ambao wengi wetu hatujawahi hata kusikia wapo.

Tuanze na yule aliyepotea.

Samaki wa Kisumu ni mgeni

Hii itauma watu wa lakeside, lakini ni ukweli. Yule tilapia mkubwa unayeletewa Kisumu akiwa mzima kwenye sahani, kichwa huku mkia kule, si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Ni Nile tilapia, kwa jina la sayansi Oreochromis niloticus, na aliletwa ziwani miaka ya 1950. Kama babu yako alizaliwa kabla ya hapo, basi babu yako ni mwenyeji kuliko huyo samaki.

Wenyeji walikuwa wawili: ngege na mbiru. Ngege ndiye alikuwa mfalme. Kabla ya mkoloni, wavuvi walimshika kwa mitego ya mafunjo na vikapu, karibu na ufuo, kwa kiasi ambacho ziwa liliweza kurudisha. Halafu mwaka wa 1901 reli ikafika Kisumu, na mambo yakageuka. Sasa kulikuwa na njia ya kupeleka samaki mbali na soko la kuwangoja huko. Miaka michache baadaye, karibu 1905, nyavu za kisasa za kutega zikaingia. Hizo hazikuhitaji ujue tabia ya samaki. Unatandaza jioni, unakuja kuvuta asubuhi.

Kufikia miaka ya 1920 ngege alikuwa amepungua kwenye nyavu kiasi cha serikali kushtuka. Mwaka wa 1927 akatumwa mtaalamu Mwingereza, Michael Graham, kupima hali ya ziwa. Graham ndiye aliyempa ngege jina la kisayansi mwaka wa 1928, akamuita esculenta, maana yake "wa kuliwa." Fikiria hapo kidogo. Samaki aliandikwa kwenye vitabu vya dunia wakati tayari anaisha, na jina alilopewa ni la sahani.

Graham alipendekeza kitu rahisi: macho ya wavu yasiwe chini ya inchi 5, ili samaki wadogo wapite wakue. Ikawa sheria. Lakini sheria bila macho ya kuiangalia ni karatasi. Wavuvi walikuwa wengi, ziwa ni kubwa kuliko nchi kadhaa za Ulaya, na wavu wa macho madogo ulileta samaki wengi zaidi kwa siku. Katika miaka ya 1950 serikali za eneo hili zikaanza kuondoa hiyo sheria, na nyavu zikazidi kubana.

Sasa, badala ya kumpa ngege nafasi apumue, wakubwa wakaamua kuleta samaki wengine. Aina nne za tilapia wa nje zikaingizwa ziwani katika miaka hiyo. Baadaye kidogo akaja mbuta, ile sangara kubwa inayokula wenzake. Na usidhani hakuna mtu aliyesema. Mwaka wa 1960 mwanasayansi Geoffrey Fryer aliandika wazi kwamba kumleta mbuta ni hatari. Alisomwa, na mbuta akaletwa vilevile.

Kilichofuata mnakijua kwa sehemu. Miaka ya 1980 mbuta alilipuka, viwanda vikafunguliwa, pesa za kigeni zikaingia. Fulu, wale samaki wadogo wa rangi rangi waliokuwa na mamia ya spishi ambazo hazipatikani popote pengine duniani, walianguka vibaya; inakadiriwa karibu spishi 200 zilitoweka. Ngege na mbiru wakabanwa pande zote: nyavu, mbuta, maji yaliyochafuka, na yule binamu mgeni aliyechukua nyumba yao na chakula chao.

Leo ngege yuko kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Jina lake ndilo limebaki. Watu bado wanasema "ngege" wakimaanisha tilapia yeyote. Ni kama mtu amekufa na jirani amevaa koti lake, anaitikia kwa jina lake.

Alikojificha

Kuna sehemu chache ambapo ngege alipona. Mojawapo ni Ziwa Kanyaboli, kule Siaya, ndani ya kinamasi cha Yala. Ni ziwa dogo, kama kilomita 10 za mraba. Mafunjo yanalizunguka na kulitenga na ziwa kubwa. Mbuta hakufika. Kwa hivyo wakati Victoria inabadilika, Kanyaboli ilibaki kama sanduku la akiba: ngege yumo, mbiru yumo, na fulu ambao kwenye ziwa kubwa ni historia. Mwaka wa 2010 serikali ikalitangaza kuwa hifadhi ya taifa.

Story nzuri? Ndiyo, lakini ina mwiba. Tafiti za chembe za urithi zimeonyesha kwamba hata kwenye vimaziwa hivi, damu ya Nile tilapia imeanza kuingia kwa ngege. Tilapia wa jamii hii huzaana wenyewe kwa wenyewe kwa urahisi. Ukimweka mgeni na mwenyeji dimbwi moja, hawagombani tu kwa chakula. Wanaoana. Watoto wao ni machotara wanaozaa vizuri tu, na baada ya vizazi kadhaa huwezi kusema nani alikuwa nani.

Hapo ndipo watu wengi hawaelewi maana ya kupoteza samaki. Tunafikiria kutoweka ni kama sinema: wa mwisho anakufa, muziki wa huzuni unapigwa. Kwa tilapia haiko hivyo. Maji yanabaki na samaki wamejaa, mvuvi anauza, wewe unakula, na hakuna anayegundua kwamba aliyekuwa hapo ameisha. Ameyeyuka ndani ya mwingine kama sukari kwenye chai.

Huko Bonde la Ufa, kila maji na mwenyewe

Sasa tutoke Nyanza. Nile tilapia ambaye ni mgeni Victoria ana kwao halali Kenya, na kwao ni kaskazini, kwenye Bonde la Ufa.

Mwaka wa 1983 mwanamke mmoja wa jumba la makumbusho la London, Ethelwynn Trewavas, alichapisha kitabu kikubwa kuhusu tilapia. Alikuwa na zaidi ya miaka 80 wakati huo, na alikuwa amewachunguza hawa samaki maisha yake yote: anahesabu magamba, anahesabu mifupa ya uti wa mgongo, anapima vichwa. Akagundua kwamba Nile tilapia si kitu kimoja. Aligawanya spishi hiyo kwa maeneo, na maeneo matatu kati ya hayo yako hapa kwetu. Kuna wa Turkana, aliyempa jina la vulcani tangu 1933, kutokana na samaki wa ziwa lililo ndani ya kreta ya volkano kwenye Kisiwa cha Kati. Kuna wa Baringo, baringoensis. Na kuna wa mto Suguta, sugutae, anayeishi hadi kwenye maji moto ya Kapedo. Ndiyo, ile Kapedo ambayo wewe unaijua kwa habari za risasi na wizi wa mifugo. Ina samaki wake.

Walifikaje huko, katikati ya jangwa? Hapa historia inakuwa tamu. Zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, mvua ilikuwa nyingi sana Afrika. Bonde la Suguta, ambalo leo ni mojawapo ya sehemu zenye joto kali zaidi nchini, lilikuwa ziwa lenye kina cha mamia ya mita. Maji ya Baringo yalimwagika kuelekea Suguta, ya Suguta yakamwagika Turkana, na Turkana yenyewe ikafurika hadi ikaungana na mto Nile. Samaki walikuwa na barabara kuu. Kisha mvua zikapungua, maziwa yakashuka, barabara ikakatika, na kila kundi likabaki pale lilipokuwa. Tangu hapo kila moja linazoea hali ya kwake: huku chumvi, huku joto, huku matope, huku uhaba wa chakula.

Wataalamu bado wanabishana mahali pa kuchora mipaka kati ya makundi haya, na hiyo ni kawaida ya sayansi. Lakini kwamba makundi yapo na yanatofautiana, hilo chembe za urithi zimethibitisha.

Na kama unataka kuona kutengwa kunaweza kumfikisha samaki wapi, nenda kusini, Magadi. Kule kuna tilapia mdogo, Alcolapia grahami, anayeishi kwenye chemchemi za magadi zenye joto linaloweza kupita nyuzi 40. Maji yenyewe ni makali kiasi cha samaki wa kawaida kufa. Samaki wengi hutoa uchafu wa mwili kama amonia kupitia matamvua. Kwa maji ya Magadi hiyo haiwezekani, kwa hivyo huyu anatoa urea, kama wewe na mimi. Samaki anakojoa kama mtu! Binamu zake wako ng'ambo ya mpaka, Ziwa Natron, kwa sababu zamani Magadi na Natron vilikuwa ziwa moja.

Na huyu pia tulimhamisha. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 alipelekwa Ziwa Nakuru, ambako hakukuwa na samaki, ili ale mabuu ya mbu. Akashamiri, na mwari wakaja kwa wingi kumla. Hiyo mara moja ilileta picha nzuri kwa watalii. Nasema "mara moja" kwa sababu Nakuru haikuwa na tilapia mwenyeji wa kuharibiwa. Huko kwingine hatukuwa na bahati hiyo.

Siri ya Baringo na kinamasi cha Loboi

Hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike.

Mwaka wa 2007 Dorothy Nyingi, mtaalamu wa samaki wa makumbusho yetu ya taifa, na mwenzake Jean-François Agnèse walichapisha utafiti kuhusu tilapia wa Baringo. Kuna sehemu ya DNA ambayo unarithi kwa mama pekee. Walipoiangalia kwa samaki wa Baringo, hawakukuta ya Nile tilapia. Walikuta ya spishi nyingine, Oreochromis leucostictus, ambaye kwao ni maziwa ya magharibi mwa Uganda na aliingizwa Naivasha miaka ya 1950. Kwa macho, samaki wa Baringo ni wa Baringo. Ukimchunguza ndani, ukoo wa mama ni wa mgeni.

Kwa maneno mengine, tulichodhani ni ziwa la mbali lililobaki na samaki wake halisi, lilikuwa limeguswa kitambo. Hakuna aliyeona kwa sababu hakuna kitu cha kuona.

Halafu, mwaka wa 2009, ikaja habari njema. Kati ya Baringo na Bogoria kuna kinamasi kinaitwa Loboi, kinacholishwa na chemchemi za maji ya vuguvugu. Nyingi na wenzake walikuta huko tilapia ambao hakuna aliyekuwa amewaandika. Walipowapima, wakakuta ni kundi la wenyeji lenye urithi wake, tofauti na la Baringo, ingawa Baringo iko karibu hapo tu. Kwenye kichwa cha utafiti wenyewe waliandika mambo mawili kwa pamoja: kundi lisilojulikana, na kundi lililo hatarini.

Hatarini kwa sababu kinamasi ni kidogo, maji yake yanachukuliwa kumwagilia mashamba, na inatosha mtu mmoja mwenye nia nzuri na mfuko wa vifaranga.

Mbona samaki wa kinamasi akuhusu wewe wa Umoja ama Rongai? Kwa pesa, kama si kwa mapenzi. Wafugaji wa tilapia duniani kote wanataka vifaranga dume, kwa sababu dume hukua haraka na bwawa halijai watoto. Njia iliyozoeleka ni kuwalisha vifaranga homoni. Lakini inajulikana pia kwamba joto kali wakati kifaranga ni mdogo linaweza kumfanya awe dume. Sasa hapa kuna kundi ambalo limeishi kwenye maji ya vuguvugu kwa muda usiojulikana, na bado linazaa dume na jike. Mwili wake una jibu la swali ambalo sekta nzima inauliza, na dunia inazidi kupata joto. Hiyo ni mali.

Wengine walishaona hiyo mali. Mwaka wa 1988 ulianza mradi wa kutengeneza tilapia bora wa kufuga kule Ufilipino, anayejulikana kama GIFT. Walianza kwa kukusanya samaki wa mwituni kutoka nchi nne za Afrika: Misri, Ghana, Senegal na Kenya. Wakachanganya na wa mashamba ya Asia, wakachagua wanaokua haraka, kizazi baada ya kizazi. Leo uzao huo umeenea Asia na kwingineko. Tulitoa mbegu, tukabaki kwenye foleni ya kununua zao.

Mifuko ya vifaranga

Mwaka wa 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchochea uchumi, na mojawapo ya mambo yake ilikuwa mabwawa ya samaki: 200 kwa kila eneo bunge, maeneo bunge 140. Piga hesabu, ni mabwawa 28,000. Kila bwawa lilihitaji vifaranga 1,000. Hiyo ni vifaranga milioni 28, katika nchi ambayo haikuwa na vituo vya kutosha vya kuwazalisha.

Sipingi huo mpango. Watu wengi walijifunza kufuga samaki kwa mara ya kwanza kupitia huo. Ninachosema ni hiki: kwa haraka ya namna hiyo, nani angeuliza kifaranga anatoka bonde la maji gani na anaenda bonde gani? Bwawa liko kando ya kijito. Mvua kubwa ikija, bwawa linamwagika, samaki anaingia kijitoni, kijito kinaingia mtoni. Na mvua kubwa zimekuja. Mnakumbuka 2020, maziwa ya Bonde la Ufa yalivyopanda hadi yakameza mahoteli na mashule, watu wakaogopa Baringo na Bogoria zitaungana. Katikati ya hayo maziwa mawili ndipo Loboi ilipo.

Basi tufanye nini?

Kuna jibu ambalo huja haraka sana kwenye haya maneno: "Watu wana njaa, wewe unaongea kuhusu ukoo wa samaki." Nalichukua kwa uzito, kwa sababu samaki wa bei nafuu ni protini kwa watu wetu, na mama anayeuza samaki Gikomba hana muda wa Kilatini. Lakini angalia historia tena. Samaki wengi waliohamishwa walihamishwa kwa jina la chakula. Ngege alikuwa chakula. Alikuwa anapatikana bila kiwanda, bila chakula cha mifuko, bila mkopo. Tulimbadilisha na uvuvi ambao leo unayumba, na kontena za barafu kutoka China zinajaza pengo. Kutunza samaki wa asili na kulisha watu si vitu viwili vinavyopigana. Aliye porini ndiye akiba ya mbegu. Siku ugonjwa ukifagia samaki wa mabwawani, ama maji yakizidi joto, utarudi kutafuta wapi damu mpya?

Ninachotaka ni vitu vidogo. Kaunti zijue kifaranga anayeuzwa ndani yao anatoka wapi, na kila bonde la maji lifugiwe samaki wa bonde hilo. Baringo wafuge wa Baringo. Sehemu kama Loboi, Kapedo na Kanyaboli zisiwekwe samaki wa nje hata kwa jina la msaada, hata kama mheshimiwa anataka picha akimwaga vifaranga mbele ya kamera. Na wewe ukiwa na bwawa ocha, muulize anayekuuzia: hawa ni wa wapi? Akikosa jibu, tafuta mwingine.

Halafu kuna lile la bure kabisa: tujue majina. Ngege. Mbiru. Fulu. Wa Baringo, wa Suguta, wa Loboi, yule mdogo wa Magadi anayekojoa kama mtu. Graham alipofika Victoria, ngege alikuwa tayari anaisha. Samaki wa Loboi wameandikwa wakiwa bado hai, kwenye chemchemi unayoweza kufika kwa matatu na bodaboda. Hiyo ni bahati ambayo ngege hakupata.